Taka za zahanati: namna ya kuzitenga, kuzihifadhi na kuziteketeza bila kumdhuru mtu

Kwenye zahanati, anayechomwa na sindano iliyokwisha kutumika mara nyingi si yule aliyeitumia. Ni mhudumu wa usafi anayekandamiza mfuko uliojaa ili ufungike, kijana anayesukuma toroli kuelekea kwenye kichomea taka, au mtoto wa jirani aliyeruka uzio kufuata chupa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia pale sindano inapotoka mkononi mwa muuguzi. Wengi huanza kuhangaika kwenye moshi wa kichomea, wakati mambo yameshaharibika zamani.

Umeandikwa kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya vya Tanzania visivyo na gari la kuja kuchukua taka hatarishi: mganga mfawidhi, muuguzi, mtu wa maabara na mhudumu wa usafi. Hospitali kubwa zina mitambo na wakandarasi wao. Huku chini, taka unayoizalisha utaimaliza mwenyewe ndani ya uzio wako, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 anayezalisha taka hatarishi ndiye anayewajibika nazo.

Kwanza, zijue taka zako

Kabla ya kununua ndoo hata moja, chukua wiki nzima upime. Zunguka chumba cha sindano, kliniki ya mama na mtoto, chumba cha kujifungulia, maabara, chumba cha vidonda na stoo ya dawa. Kila jioni pima uzito wa kinachotoka kila chumba na uandike. Mizani ya kuning'iniza inatosha, ila isiwe ile ya kupimia watoto kliniki. Nunua nyingine na uiandike "TAKA" kwa rangi.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida tu: maboksi, karatasi, maganda ya ndizi, vifungashio vya glovu. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye vimelea, kemikali au hatari nyingine. Kama vipimo vyako vya wiki vinaonyesha kwamba nusu ya taka zako zinakwenda kwenye kichomea, usikimbilie kuomba kichomea kikubwa zaidi. Tatizo liko kwenye ndoo: watu wanachanganya. Boksi la glovu lililotupwa juu ya pamba yenye damu nalo limekuwa taka ya maambukizi, na sasa utalitafutia kuni.

Ndoo tatu na kisanduku kimoja

Mpangilio unaotumika nchini ni wa rangi tatu. Ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida. Ya njano ni ya taka zenye maambukizi: pamba, bandeji, glovu zilizotumika, katheta (mipira ya kutolea mkojo), mipira ya dripu iliyoguswa na damu. Nyekundu ni ya zile zenye maambukizi makali: kondo la nyuma, vitu vilivyolowa damu chapachapa, makopo ya makohozi na sampuli za maabara. Pembeni kuna kisanduku cha usalama, ambacho kazini wengi wanakiita sefti boksi, kwa ajili ya vitu vyenye ncha kali peke yake.

Ndoo ziwe za kukanyaga kwa mguu, zenye mfuko wa rangi ile ile ndani. Mifuko ya rangi huisha. Hilo kila mtu aliyefanya kazi kwenye zahanati analijua. Ikiisha, usiache ndoo ikae bila mfuko wala usiweke mfuko mweusi ndani ya ndoo ya njano ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Funga mfuko ulionao kwa utepe wa njano, andika "MAAMBUKIZI" kwa kalamu ya wino mzito, na uhakikishe kila chumba kinafanya vivyo hivyo. Rangi ikimaanisha jambo moja maabara na jingine chumba cha kujifungulia, mhudumu wa usafi ndiye atakayelipa gharama ya kubahatisha.

Juu ya kila ndoo bandika picha. Maandishi marefu hayasomwi na mtu mwenye foleni ya akina mama arobaini nje ya mlango. Piga picha vitu vyenu wenyewe, bomba la sindano mnalolitumia, glovu mnazozivaa, kopo la makohozi la maabara yenu, chapisha, bandika. Watu hutambua haraka kitu wanachokishika kila siku.

Mahali pa ndoo pana uzito kuliko idadi yake. Muuguzi aliyemaliza kufunga kidonda hatatembea hatua ishirini kutafuta ndoo ya njano. Atatumbukiza kwenye iliyo karibu. Kwa hiyo ndoo ya njano iwe pale kidonda kinapofungwa, na nyeusi iwe pale vifungashio vinapofunguliwa. Kwenye benchi la wagonjwa weka nyeusi tu. Ukiweka ya njano pale, utakuta imejaa maganda ya miwa.

Na likitokea la kuchanganya, kanuni ni moja: usirudishe mkono. Usichambue, usipekue kwa kijiti, usimwage chini ili utenganishe. Mfuko wote uhesabiwe kuwa wa daraja la hatari zaidi lililomo ndani yake, ufungwe, uende huko. Hasara ya kuni ni ndogo.

Vitu vyenye ncha kali

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kisanduku cha usalama kinakuja kimekunjwa bapa. Kiunge kabla ya kuanza kazi, si baada ya kuchoma sindano ya kwanza, na hakikisha kitako kimefungana sawasawa. Kiweke kwenye urefu wa kiuno, mahali unapokifikia kwa kunyoosha mkono huku bado unamwona mgonjwa. Si sakafuni, watoto wa kliniki wanatambaa. Si dirishani, upepo na mvua vitakilowesha.

Sindano ikishatoka mwilini mwa mgonjwa, iende moja kwa moja kwenye tundu la kisanduku pamoja na bomba lake. Usirudishie kifuniko, usiipinde, usiivunje, usiing'oe kwenye bomba kwa vidole. Kurudishia kifuniko kunaonekana kama ustaarabu, kumbe mkono mmoja unalenga ncha na mwingine umeshika kijifuniko chembamba, na kosa dogo linatosha. Viwembe, sindano za kushonea, lanseti za kupimia malaria na ampuli (vichupa vya kioo vya dawa) zilizovunjika, vyote humo humo. Pamba na glovu hapana, zinajaza kisanduku bure.

Kikifika robo tatu, funga. Kisanduku cha lita 5 hubeba takribani mabomba 100 ya sindano, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mapema: kama siku ya chanjo mnachoma watoto sitini, na baadhi yao wanapata sindano mbili, andaa visanduku viwili na kimoja cha akiba. Usikitikise ili kishuke. Usikandamize kwa kiganja. Usikimwage ili ukitumie tena, hata kama stoo imekauka. Kisanduku kinatumika mara moja tu.

Visanduku vikiisha kabisa, tumia dumu gumu la plastiki lenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kuzungusha, kama yale ya kemikali za usafi yaliyooshwa vizuri. Liandike ubavuni kwa herufi kubwa. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inapenya. Boksi la dripu halifai kwa sababu hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo piga simu kwa mratibu wa chanjo wa wilaya au kituo cha jirani uazime visanduku, kwa sababu dumu ni dharura ya siku mbili tatu, lisigeuzwe utaratibu.

Mtu akichomwa, fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Osha pale palipochomwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye damu itoke, usinyonye, usipake Jik wala spiriti. Kemikali kali huongeza jeraha.
2. Kama ni majimaji yaliyoruka jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi.
3. Toa taarifa kwa mganga mfawidhi saa ile ile. Aandike kwenye rejista: saa, mahali, aina ya kifaa, na mgonjwa aliyetumiwa kifaa hicho kama anajulikana.
4. Pima VVU na homa ya ini kwa aliyechomwa, na kwa mgonjwa huyo akiridhia.
5. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na zisivuke saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka.
6. Kama hajachanjwa homa ya ini aina ya B, aanze chanjo mara moja.

Watu huhofia VVU na kusahau ini. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni kama asilimia 1.8, na kwa VVU kama asilimia 0.3. Ugonjwa wa kwanza kwenye orodha hiyo una chanjo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Kituo ambacho wauguzi wote wamechanjwa na mhudumu wa usafi hajachanjwa kimekosea hesabu: yeye ndiye anayebeba mifuko.

Kukusanya na kubeba

Mifuko ikusanywe angalau mara moja kwa siku, na chumba cha kujifungulia kila baada ya mama kujifungua. Mfuko ujae robo tatu tu, shingo ibaki ya kufungia. Ukijaza hadi juu, atakayeufunga lazima ausukume kwa mkono au kwa goti.

Mfuko ushikwe shingoni, ubebwe mbali na mguu. Usikumbatiwe, usiburuzwe, usitupwe begani. Andika tarehe na chumba ulikotoka. Ukija kukuta sindano ndani ya mfuko wa njano, utajua pa kwenda kuzungumza, na mazungumzo yawe ya kufundisha, la sivyo watu wataacha kuandika.

Anayebeba avae glovu nzito za mpira, zile za kazi na si za uchunguzi, buti za mpira, aproni ya plastiki, na barakoa na miwani anapokuwa kwenye kichomea. Ndala ni marufuku. Glovu nzito na buti vioshwe kila baada ya kazi, vikaushwe, vikae kituoni. Visiende nyumbani kulimia.

Toroli la taka liwe la taka tu, lenye kuta na lisilovuja. Lisipite jikoni wala katikati ya wagonjwa waliokaa kusubiri. Asubuhi kabla ya wagonjwa kufika au jioni wakishaondoka ndio wakati wake. Lioshwe kila siku kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini.

Kuhusu klorini: kwa damu iliyomwagika na vyombo vya taka tumia nguvu ya asilimia 0.5. Soma lebo ya chupa kwanza. Kama imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji. Kama ni asilimia 5, kipimo kimoja kwa tisa. Hesabu yake ni rahisi: gawa nguvu iliyoandikwa kwa 0.5, toa moja, jibu ndilo vipimo vya maji. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji. Changanya upya kila siku, kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, kivulini, na usiichanganye na asidi ya kusafishia choo, inatoa hewa yenye sumu.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glovu, ifunike kwa pamba au karatasi inayofyonza, mwagia klorini hiyo, subiri dakika 10, kusanya uweke kwenye ndoo nyekundu, kisha pangusa tena. Kama kuna vioo, viokote kwa koleo au vipande viwili vya boksi gumu.

Chumba cha kuhifadhia

Taka zisipoteketezwa siku ile ile zinahitaji mahali pa kukaa. Chumba kidogo kinatosha, ila kiwe na sifa zote: sakafu ya saruji yenye mteremko na bomba la maji machafu, bati lisilovuja, wavu kwenye matundu ya hewa ili panya na nzi wasipite, mlango wenye kufuli, na alama ya hatari inayoonekana kwa mbali. Kiwe mbali na jiko, kisima, stoo ya dawa na mahali ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Ufunguo uwe na watu wawili wanaojulikana. Kama hakuna fedha ya chumba, pipa kubwa la plastiki lenye mfuniko na kufuli ndani ya kibanda cha wavu litasaidia kwa muda.

Taka zenye maambukizi zisikae zaidi ya saa 24 kwenye msimu wa joto na saa 48 kwenye msimu wa baridi. Hayo ni mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi za joto. Tanga, Lindi na Dar es Salaam wafuate saa 24 karibu mwaka mzima. Makete au Njombe mwezi wa Julai wanaweza kwenda hadi 48. Kondo la nyuma halisubiri chochote, liende shimoni siku hiyo hiyo. Visanduku vya ncha kali vilivyofungwa haviozi, vinaweza kusubiri siku ya kuchoma, lakini ni vya karatasi ngumu: viweke kwenye rafu, mbali na unyevu, kwa sababu kikilowa kitako kinaachia na sindano mia zinamwagika.

Weka daftari mlangoni. Tarehe, chumba, aina, uzito, aliyeleta, aliyepokea. Daftari hilo ndilo litakalokuombea fedha: ukienda kwenye kikao cha Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na takwimu za miezi sita, utapata mifuko na matengenezo ya kichomea kwa urahisi kuliko anayekwenda kulalamika kwamba hali ni mbaya.

Kondo la nyuma

Kondo moja lina uzito wa takribani nusu kilo, limejaa maji na damu. Kulichoma kwenye kichomea kidogo ni kuzima moto. Dawa yake ni shimo lenye kuta za saruji au matofali juu, kitako cha udongo, mfuniko wa zege usio na nyufa, tundu lenye kifuniko kizito na bomba la hewa lenye wavu wa nzi. Liwe angalau mita 50 kutoka kwenye kisima au chanzo chochote cha maji, na kitako chake kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini, yapimwe wakati wa masika. Maeneo ya mwambao na visiwani maji yako karibu sana. Huko chimba kifupi na upandishe kuta juu ya ardhi badala ya kulazimisha kina.

Usimwage klorini wala Jik ndani ya shimo hili. Wengi humwaga kwa nia njema, kupunguza harufu. Klorini huua vijidudu vinavyoozesha, kondo zinakaa bila kuoza, na shimo linajaa kabla ya wakati wake. Vivyo hivyo usitupe humo glovu, pamba wala mfuko wa plastiki; kondo limwagwe, mfuko uende kwenye ndoo nyekundu. Mashimo mawili ni bora kuliko moja kubwa: likijaa la kwanza unalifunga lioze huku ukitumia la pili.

Zipo familia zinazoomba kondo ili wakalizike nyumbani kwa mila zao. Usimfokee bibi aliyekuja na kitambaa. Suala hilo lipite kwa mganga mfawidhi, na likikubaliwa, kondo lifungwe ndani ya mifuko miwili na chombo chenye mfuniko, waambiwe walishike kwa glovu na walizike kwa kina ambacho mbwa hafukui, mbali na kisima.

Kichomea taka

Vichomea vingi vya matofali kwenye vituo vyetu vina asili ya muundo uitwao De Montfort, uliobuniwa kwenye chuo kikuu cha jina hilo mjini Leicester, Uingereza. Vina vyumba viwili: cha kwanza taka zinaungua, cha pili moshi wenyewe unaungua kabla ya kutoka kwenye dohani. Kinachofanya kichomea kiwe salama ni joto, na joto linalotafutwa ni zaidi ya nyuzi 800. Chini ya hapo, plastiki zinatoa sumu za dioksini na furani, zile zile zinazopigwa vita na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kichomea kizuri kilichowashwa vibaya kinatoa moshi sawa na wa shimo lililomwagiwa mafuta ya taa.

Siku ya kuchoma iwe na utaratibu:

1. Angalia upepo. Ukielekea wodini, shuleni au kwenye nyumba za watu, subiri.
2. Toa majivu ya zamani yaliyopoa, kagua chanja (wavu wa chuma unaobeba taka) na nyufa. Nyufa kubwa huvuta hewa baridi na kushusha joto.
3. Washa kwa kuni kavu, magunzi ya mahindi au vifuu vya nazi, bila taka yoyote, kwa nusu saa hivi hadi matofali yashike moto sawasawa.
4. Ingiza taka kidogo kidogo, mfuko mmoja au kisanduku kimoja, subiri dakika 5 hadi 10, kisha kingine. Changanya mfuko wenye unyevu na mkavu.
5. Tazama dohani. Moshi mweusi unasema umejaza haraka mno au moto umepungua. Ongeza kuni, acha kulisha.
6. Baada ya mfuko wa mwisho, ongeza kuni na uache moto uendelee hadi kila kitu kiungue. Usizime kwa maji, matofali yatapasuka.
7. Toa majivu kesho yake, yakiwa baridi.

Majivu si mbolea. Yana sindano zilizobaki, bado zina ncha, na yana metali zenye sumu. Yakusanywe kwa koleo, ukiwa na barakoa, yaende kwenye shimo la majivu lililojengewa na kufunikwa.

Muhimu kuliko hatua zote hizo ni kujua kisichoingia. Ampuli na vichupa vya chanjo vilivyofungwa hupasuka kama risasi, na kioo kilichoyeyuka huziba chanja. Vipulizia vya pumu hulipuka. Mifuko ya damu ni ya plastiki ya PVC, inatoa gesi ya asidi yenye klorini ikiungua. Vipimajoto vya zebaki, betri, filamu za eksirei na dawa zilizoisha muda, vyote vibaki nje. Vioo viende kwenye shimo la ncha kali: shimo lenye kuta za zege na bomba la kuingizia, ambalo likijaa humiminiwa saruji na kufungwa milele. Shimo hilo linafaa pia kwa visanduku pale kichomea kinapoharibika.

Maabara yenye otoklevu (mtambo wa kuua vimelea kwa mvuke) iitumie kwa vimelea vilivyooteshwa na makopo ya makohozi kabla havijatoka mlangoni: nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 30, mifuko isibanwe ili mvuke upenye. Otoklevu ya taka isiwe ile ile ya vifaa vya kushonea.

Kama hamna kichomea wala shimo la zege, suluhisho si kuchoma kwenye pipa nyuma ya choo. Ongeeni na hospitali ya wilaya au kituo cha jirani chenye kichomea, mpeleke visanduku na mifuko mikavu kwa siku maalumu, ndani ya pipa lenye mfuniko, kwenye gari lisilobeba abiria wala chanjo, pamoja na karatasi ya makabidhiano yenye saini mbili. Kuzika ni hatua ya mwisho kabisa: shimo la mita 2 ndani ya uzio, kwa masharti yale yale ya umbali wa maji, kila tabaka la taka lifunikwe kwa udongo wa sentimita 10 hadi 15, na la juu kabisa udongo wa nusu mita.

Dawa zilizoisha muda na zebaki

Dawa zilizokwisha muda ziondolewe kwenye rafu, ziwekwe kwenye boksi lenye alama nyekundu na kufuli, ziorodheshwe kwa jina, namba ya toleo, kiasi na tarehe. Orodha iende kwa mfamasia wa halmashauri, na uteketezaji ufanyike kwa kibali na usimamizi wa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Usimwage dawa za majimaji chooni, usizike vidonge uwani. Boksi likikaa miezi bila jibu, lihesabu tena kila robo mwaka mbele ya shahidi na uandike; dawa za kulevya zilizomo humo zina wanaozitamani.

Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, toa watu, fungua madirisha, usifagie. Kusanya matone kwa kadi mbili ngumu, yaingize kwenye kichupa chenye maji kidogo, funga, andika, mpe afisa afya. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje ya nchi vipimajoto vya aina hiyo, kwa hiyo kikivunjika kimoja, cha kufidia kiwe cha dijitali.

Sindano zilizo nyumbani

Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini nyumbani anazalisha sindano kila siku, na nyingi zinaishia kwenye mfuko wa taka wa mtaa, kisha kwenye mikono ya waokota chupa. Siku anapoandikiwa insulini, mfundishe pamoja na dozi: achukue chupa ngumu ya plastiki ya sabuni ya maji au dawa ya kufulia, atumbukize sindano na lanseti bila kurudishia kifuniko, aiweke juu asipofika mtoto, ikifika robo tatu aifunge kwa utepe na kuirudisha kliniki. Upande wenu, teua dirisha moja la kupokelea na mtu wa kuandika kwenye daftari la taka, ili chupa hiyo isije ikarudishwa mlangoni na mlinzi asiyejua imebeba nini.